Saa Kumi ya Asubuhi

Kwako Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima, na mgongo ule umepunguza ugomvi. Mama hajambo? Bado anakataa kuvaa miwani mbele za watu? Na wale mafundi wako wawili wa cherehani, wamepatana, au kila mmoja bado anamsema mwenzake kupitia kwako? Nisalimie wote hapo. Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na nywele nimesuka, kwa hiyo hayo usinitumie mtu kuyauliza.

Najua umeigeuza bahasha mara mbili ukijiuliza kwa nini mtu mwenye simu ameandika barua. Ni kwamba kwenye simu, dada yangu, hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na mara nyingi unaimalizia vizuri kuliko nilivyokusudia. Habari za safari hii nataka nizimalize mwenyewe. Kwa hiyo kaa, sogeza chai, na anayetaka kupimwa gauni mwambie asubiri kidogo.

Wateja wako huwa unawaambia kwamba mdogo wako anafanya kazi ya intaneti, nao wanadhani napanda nguzo kuunganisha nyaya. Kazi yetu ni mtambo wa majibu. Ukiuliza jambo, haukuletei rundo la kurasa uchambue mwenyewe. Wenyewe unasoma swali, unatambua ni hesabu gani inatakiwa, unaipiga hapo hapo, unakupa jibu moja. Ukitaka kujua mwezi uko umbali gani usiku wa leo, hauendi kuchukua namba iliyoandikwa mahali. Unapiga hesabu ya usiku wa leo. Wewe ulipoujaribu uliuliza kama mume wa jirani ni mwaminifu, ukakujibu kwamba haujaelewa swali, nawe ukasema basi mtambo wenyewe ni mwanamume. Ofisi nzima ilicheka nilipowasimulia.

Mwaka huu walinipa niongoze kitengo cha maswali ya Kiswahili. Tuko watatu katika chumba cha ghorofa ya juu chenye ukuta mmoja wa kioo na kiyoyozi kisichojua huruma, ndiyo maana lile sweta ulilonishonea viwiko limekuwa sare yangu ya kazi. Msimamizi wetu ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Bi Nukta, kwa sababu nukta ya desimali ikikaa pasipo pake haongei na mtu mpaka irudi. Juu yake yuko Mkuu, mwanamume mwerevu, mwenye haraka, anayetembea kama aliyeacha sufuria jikoni.

Uzinduzi ulikuwa umeshatangazwa. Waandishi wa habari wamealikwa, ukumbi umekodiwa, na sisi tulikuwa tunasoma tu majibu ambayo mtambo ulikuwa unawapa watu wachache waliokubali kuujaribu kabla ya wengine. Majaribio yote yalikuwa yamepita. Asubuhi moja nikaliona swali lililoulizwa jana yake na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Aliuliza hivi: mtoto amekunywa dawa saa mbili asubuhi, ameandikiwa kila baada ya saa nane, sasa dozi nyingine ni saa ngapi? Mtambo ulimjibu: saa kumi asubuhi.

Soma tena, dada. Saa mbili na nane ni kumi, namba imekaa sawa. Ndiyo maana majaribio yalipita, kwa sababu aliyeyatunga alikagua namba peke yake. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba dozi hiyo ni saa kumi ya jioni. Mtambo ulikuwa unazichukua saa zetu kama za wale waliouanzisha, ambao siku yao inaanza katikati ya usiku. Ulidhani mtoto kanyweshwa dawa watu wakiwa wamelala, ukahesabu kutoka hapo. Na mtu akiamini jibu lile, saa kumi ya asubuhi atangoja mpaka kesho alfajiri, na mtoto amekosa dawa mchana kutwa na usiku wote.

Nilimpigia yule mama, maana wajaribu wote walituachia namba zao. Alipokea akiwa anaosha vyombo. Nikamuuliza dawa alimpa saa ngapi. Akasema jioni, kama daktari alivyomweleza, na mtoto anaendelea vizuri, sasa hivi yuko nje anamsumbua paka. Nilishusha pumzi. Nikamuuliza jibu letu alilionaje. Akacheka, akasema aliona tu mashine imepotea njia. Halafu akaniambia, "Lakini mama mkwe wangu angefuata. Yeye kikishaandikwa, kimeandikwa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Nukta. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena, akasema twende kwa Mkuu.

Mkuu alitusikiliza akiwa amesimama. Alisema namba ni sahihi. Nikasema namba ni sahihi, ila saa siyo. Akasema tutaweka maelezo madogo chini ya jibu, kwamba saa zetu ni za kimataifa, watu watazoea. Nikamwambia mtu aliyeuliza kwa Kiswahili ameuliza na saa zake humo humo ndani, hatuwezi kuchukua maneno yake tukaacha jua lake. Sijui sentensi hiyo niliitoa wapi. Akaniangalia kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Akasema tarehe haisogei, na kwamba kila kiongozi wa kitengo atathibitisha kwamba majibu ya kitengo chake yako tayari.

Nikasema, "Mimi sithibitishi."

Dada, sauti ilikuwa yangu. Nilipotoka pale ndipo nilipoogopa, lakini ndani ya chumba kile sikuogopa. Mkuu akamgeukia Bi Nukta, akamwambia basi athibitishe yeye. Bi Nukta akafunga kompyuta yake taratibu, akasema, "Nitathibitisha siku huyu atakapothibitisha." Mkuu akatoka. Bi Nukta akaniambia nisidhani amenipendelea. Kosa amelikagua mwenyewe na kosa ni kosa.

Siku mbili tulikaa hatujui kama bado tuna kazi. Kisha likaja neno kwamba uzinduzi umesogezwa mbele kidogo, na kidogo chenyewe kweli kilikuwa kidogo.

Ungedhani ni jambo la kuondoa sita na kuongeza sita, tumalize. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipoanza kusoma jinsi watu wanavyoandika. Kuna anayesema saa mbili usiku. Kuna anayeandika saa 20:00. Kuna waliozoea saa za ofisini wakaandika saa 8 asubuhi wakimaanisha saa mbili, na kuna wanaoandika saa 8 wakimaanisha saa nane yenyewe, jua likiwa utosini. Halafu kuna neno lenyewe, saa. Saa nane ni muda wa siku, saa nane ni urefu wa safari, na saa ni kile kitu ulichonikataza kuvaa nikifua. Siku nzima moja ilitupotea tukibishana kama saa kumi kabla ya mapambazuko ni usiku au alfajiri. Dereva wa ofisi aliingia kuleta barua, akaulizwa, akasema kwake ni usiku mpaka amwone usoni anayemsalimia. Jirani yangu wa meza, kijana mpole asiyebishana na mtu, siku hiyo alibishana mpaka sauti ikamkauka.

Mwisho tukaufundisha mtambo mambo mawili. La kwanza, usitoe saa yoyote bila kuitaja siku na kipande chake: asubuhi, mchana, jioni, usiku. La pili ndilo lililozua vita. Nilitaka kwamba swali likiwa na maana mbili, mtambo usibahatishe, uulize. Wahandisi wa vitengo vingine walikuja juu. Walisema watu wanakuja kuuliza, hawaji kuulizwa, na mtambo wa majibu unaouliza maswali utachekwa. Nikawaambia fundi wa nguo akiletewa kitambaa huuliza gauni liwe la nani kabla hajashika mkasi, na hakuna anayemcheka. Ndiyo, nilikutumia wewe. Wakakubali, nadhani kwa sababu hakuna kati yao anayejua kushona.

Siku niliyothibitisha, niliyasoma majibu yote upya mimi mwenyewe, la mama wa dawa likiwa la kwanza. Mtambo ukasema: leo saa kumi jioni. Nilibaki nalitazama tu. Bi Nukta akaja nyuma yangu, akalisoma, akasema chai iko tayari. Kutoka kwake hiyo ni hotuba nzima.

Sasa uzinduzi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mkuu aliuliza maswali yaliyoandaliwa, mtambo ukajibu, watu wakapiga makofi ya heshima. Ndipo mtangazaji mmoja wa redio, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru, akaomba kipaza sauti akasema anataka kuuliza la kwake. Mkuu alinitupia jicho. Nikaitikia kwa kichwa.

Akauliza: basi linaondoka Jumamosi saa tano usiku, safari ni ya saa tisa, nitafika lini? Maandishi yakatokea kwenye skrini kubwa: utafika Jumapili, saa mbili asubuhi. Mtambo wetu wa zamani ungemwambia atafika Jumamosi hiyo hiyo mchana, kabla hata basi halijawasha injini. Watu wakaanza kunong'ona. Yule mtangazaji akatabasamu kama mtu anayetega, akauliza lingine: nina mkutano saa 8 asubuhi, njiani natumia saa moja na nusu, niondoke saa ngapi?

Mtambo ukauliza: unamaanisha saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, au saa nane usiku?

Niliwaza, haya, sasa wanacheka. Mtangazaji akasema ni hiyo ya jua. Jibu likaja, aondoke siku hiyo hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akasema kwenye kipaza sauti, polepole, "Huu mtambo umelelewa."

Hapo ndipo makofi yenyewe yalipoanza. Mkuu akasubiri yapungue, kisha akaniita jukwaani. Sikuwa nimejiandaa, nilikuwa na sweta lako. Alisema mbele ya watu wote kwamba yeye alitaka kuzindua mapema, mimi nikamkatalia, akakasirika sana, na leo anashukuru kwamba sikujali hasira zake. Nikasimama wima, dada, kama unavyosimama wewe mteja anapotaka nguo ya harusi kwa siku moja. Sikuangalia chini hata mara moja.

Yule mama wa dawa alinipigia wiki iliyofuata. Mtoto amepona kabisa. Mama mkwe, anasema, sasa anauuliza mtambo kila kitu, na ukimuuliza swali naye anajibu kwa adabu, halafu anaushukuru.

Sasa nimefika ninapotaka kufika, na ndipo pale ambapo kwenye simu ungenikatiza.

Baada ya uzinduzi waliniita, Mkuu na Bi Nukta. Kampuni inafungua ofisi mpya, mbali, ni safari ya ndege mbili. Huko mtambo utafundishwa lugha nyingine nyingi ambazo watu wake wanahesabu saa, miezi na vipimo kwa namna zao. Wanataka niongoze mimi. Ni miaka miwili. Nilisema ndiyo pale pale, kabla Mkuu hajafunga mdomo.

Sikusema nitamuuliza dada yangu. Nilipotoka nje ndipo nilipogundua kwamba sijakuuliza, na kwamba haijawahi kutokea. Shule ulichagua wewe, na ulichagua vizuri. Chumba cha kupanga ulikikagua wewe. Hata yule mchumba, ulimkataa wewe kabla mimi sijaamua kumkataa. Nimekaa na habari hii siku kadhaa nikiogopa utaona nimekudharau.

Sijakudharau. Ningekuuliza, ungesema nenda, hilo najua. Nami ningeenda kwa sababu wewe umesema. Safari hii nilitaka niende kwa sababu mimi nimetaka, na nikuletee jambo likiwa limekwisha, kama unavyomkabidhi mtu nguo ikiwa imepigwa pasi. Wewe ndiye uliyenilea nikawa mtu wa kuweza kusema sithibitishi mbele ya wakubwa. Usishangae basi nikiweza kusema ndiyo.

Mama naomba usimdokeze. Nitakuja mwisho wa mwezi nimwambie mwenyewe, ana kwa ana, na akilia nitakuwepo kumbembeleza. Wewe pia ukitaka kulia, nisubiri.

Haya, mruhusu mteja wako aingie, amesubiri sana. Msalimie Mama, mwambie miwani inampendeza. Wasalimie mafundi, kila mmoja kwa wakati wake wasije wakagombania salamu. Nawe ubaki salama, ulale mapema, na mgongo uukande kwa maji ya moto hata kama hutaki kuambiwa na mdogo.

Nikija nitaleta begi kubwa, unisaidie kulipanga. Hilo tu ndilo nililokuachia uamue.

Ni mimi mdogo wako anayejivunia kuwa wako,

Kitinda