Mlango wa Chumba cha Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama: mlango wa chumba cha Bibi haukufungwa na upepo. Niliufunga mimi.

Nyumbani wote wanasema upepo. Miaka minane sasa. "Ule upepo ule!" anasema Mama kila habari ya moto inapozuka, na Mjomba anatikisa kichwa. Mimi natazama miguu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Moshi ulitoka jikoni, ukawa unatambaa kwenye dari ya ukumbi, polepole, kama una muda wote duniani. Bibi alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilisimama mlangoni kwake nikaita, "Bibi." Mara moja tu, kwa hii sauti yangu ambayo shuleni hata dawati la mbele lilikuwa haliisikii. Hakuamka. Nikageuka, nikaona moshi umeshuka hadi usawa wa macho yangu. Nikauvuta mlango taratibu mpaka kitasa kikalia — ka! — nikakimbilia nje. Kwa nini niliufunga? Nadhani sikutaka kumwona.

Zimamoto walimtoa dirishani. Yuko hai. Ila sauti yake imebaki ya kukwaruza, na viganja vyake vina makovu, maana alikishika kitasa cha chuma kilichokwisha kuwa kama kaa la moto. Tangu siku ile chumba chake hakina mlango. Kuna pazia tu.

Leo nimeanza chuo cha zimamoto. Mama anadhani nimependa sare.

Tuko makuruta kumi na wawili. Mkufunzi wetu ni Sajini, mwanamke mfupi asiye na unyusi wa kushoto. Anasema ulitangulia kustaafu. Alitupanga uwanjani, kila mtu aupigie kelele ukuta wa mbali: "Zimamoto! Kuna mtu?" Zamu yangu ikafika. Kimya.

"Tunakusubiri, binti."

"Afande, nimeshasema."

"Umemwambia nani?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada mmoja mrefu, aliyekuwa fundi wa magari na sasa anaitwa Spana, akasema, "Huyu ni Mnong'ono." Basi. Nimekuwa Mnong'ono.

Jumatano, 5 Machi

Mavazi! Koti, suruali, buti, kofia ngumu, mtungi wa hewa mgongoni. Niliinama kufunga buti nikashindwa kunyanyuka. Spana akanishika mkanda wa mtungi, akaniinua kama ndoo. Ndiye mwenzangu wa mafunzo. Hapa hakuna anayeingia peke yake, na hakuna anayetoka peke yake.

Barakoa ikishakaa usoni unasikia pumzi zako tu. Haa — hoo. Nilidhani nitaogopa. Badala yake nilijiona niko kwenye kachumba kangu mwenyewe, na hakuna anayenitazama.

Nyumba ya moshi iko nyuma ya uwanja. Zege tupu, ghorofa moja, madirisha ya bati, ndani masizi matupu. Leo hapakuwa na moto, moshi wa mashine tu. Unatambaa. Mkono wa kulia uko ukutani, hautoki, kwa sababu ukuta huo ndio utakaokurudisha ulikotoka. Mguu unapekua katikati ya chumba. Chini ya kitanda. Nyuma ya kabati, maana watoto hujificha. Na kila mlango unaoupita, unaufunga.

Nilimpata majeruhi! Ni mdoli wa turubai, amejazwa mchanga, kilo sitini. Makuruta wanamwita Shemeji, kwa kuwa anakuja bila taarifa na haondoki mpaka abebwe. Mimi na Spana tukamkokota hadi nje, nimejaa furaha.

Sajini alikuwa kwenye ubao na chaki. Milango minne, yote nimeiacha wazi.

"Mnong'ono, kwenu mnaishi kwenye hema?"

Akachora mstari mmoja pembeni ya jina langu. Mistari mitatu ya kosa lile lile, unarudisha sare na unakwenda nyumbani.

Ajabu ni kwamba sikusahau. Kila mlango niliufikia, nikaushika — na mkono ukakataa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeuona.

Sijui niandikeje. Sajini alitupigisha magoti kwenye chumba cha chini cha nyumba ya moshi, mpira wa maji umejaa na uko tayari, akawasha mbao na nyasi kavu kwenye kona. "Msipigane nao leo," alisema. "Leo mnausoma."

Mwanzoni moto mdogo tu, wa kuchemshia chai. Kisha moshi ukafika darini, ukasambaa, ukaanza kushuka. Tukalala chini. Joto lilinibonyeza mabega kama mikono ya mtu mzima. Halafu, ndani ya ule moshi mweusi, vikatokea vidole vya rangi ya chungwa. Vikatembea! Juu ya vichwa vyetu, bila sauti, vikinyooka na kujikunja, mpaka dari yote ikawa inatiririka kama mto uliogeuzwa juu chini. Nilisahau kuogopa. Nilisahau kupumua, mpaka Spana akanigonga mtungi.

"Moshi ni moto ambao haujawaka bado," Sajini akasema ndani ya barakoa. "Sasa tazameni."

Akausukuma mlango kidogo, nafasi ya kiganja. Ule mto ukarukia mlangoni! Ukanguruma. Akaurudisha mlango. Taratibu, vidole vikajikunja, vikafifia, dari ikawa nyeusi tena. Mara tatu alifanya hivyo, kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua na kufunga bomba.

Yaani kile kitu kikubwa vile kinasubiri mlango!

Nimeoga mara mbili, nywele bado zinanuka. Sitaki zitoke harufu.

Jumanne, 11 Machi

Mstari wa pili.

Tulikuwa juu tukimtafuta Shemeji, na chini mbao zinawaka kweli. Nikafika chumba cha mwisho. Nikaingia, na mlango — nikauacha. Haikupita dakika, moshi ukatufuata humo ndani, mzito, wa moto. Spana alikuwa mbele yangu, nikaona tochi yake, kisha sikuiona. Nikamwita. Hakunisikia. Ni sauti ile ile! Nikamtafuta kwa mguu, nikagusa buti lake, nikalishika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Tukatoka mikono mitupu. Shemeji amebaki juu.

Sajini hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba nimeualika moto chumbani alimolala majeruhi, na kwamba mwenzangu alikuwa humo. Kisha akachora.

Kwenye chai Spana akanisogezea mandazi yake.

"Mdogo wangu, wewe na milango mna ugomvi gani?"

Nilikaribia kumwambia. Nikasema sina ugomvi.

"Haya. Ila ukiwa nao, umalize kabla haujatumaliza wote wawili."

Alhamisi, 13 Machi



Sajini alikuja na nyumba ya mbao nyembamba aliyoigonga mwenyewe, ukubwa wa sanduku la nguo. Sebule moja, vyumba viwili. Vyote viwili vina milango ya bawaba. Spana akauliza kodi ni kiasi gani. Ukutani mwa kila chumba Sajini alibandika karatasi nyeupe. Akaacha mlango wa chumba cha kushoto wazi. Wa kulia akaufunga. Akawasha sebule.

Ililia kama kuku kwenye mafuta. Moshi ukatoka kwenye kila ufa. Tulipoambiwa tuizime na kuifungua, chumba cha kushoto hakikuwa chumba tena. Karatasi hakuna. Ukuta hakuna.

Chumba cha kulia — nyeupe! Karatasi ilikuwa nyeupe! Ukingo wa chini umekuwa na umanjano kidogo, basi. Niliigusa kwa kidole. Vuguvugu. Upande wa nje mlango ulikuwa mkaa mtupu, upande wa ndani bado unaona nyuzi za mbao.

Makuruta wakashangilia. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Baadaye nikamfuata Sajini. Nadhani ni mara ya kwanza nimeuliza swali mbele yake.

"Afande, na kama mtu wa ndani hawezi kuufungua?"

"Anatusubiri. Mlango umempa dakika. Kazi yetu ni kufika ndani ya dakika hizo."

"Na kama hakuna anayekuja?"

Akanitazama kwa ule uso wa unyusi mmoja. "Basi mlango umemchelewesha tu, binti. Sitakudanganya."

Nimewaza njia nzima. Kwa hiyo mlango ulimpa Bibi dakika. Lakini sikuufunga kwa ajili yake. Mkono wangu ulifanya sawa, mwenyewe nilikuwa nakimbia. Na kitasa kikamchoma. Hayo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na sijui niyabebe vipi.

Karatasi ile nimeiomba. Iko hapa, katikati ya kurasa.

Jumatatu, 17 Machi

Mtihani ni Jumamosi, na tumeelezwa utakavyokuwa. Moto chini. Majeruhi chumba cha juu. Ngazi inawekwa dirishani. Unaingia kwa dirisha, na kabla ya kumtafuta mtu unatambaa moja kwa moja hadi kwenye mlango wa ukumbini, ambako moto unapanda, unaufunga. Ndipo unamtafuta majeruhi na kumtoa kwa dirisha lile lile. Mwenzako anabaki kichwani pa ngazi akikuangazia.

Ni kama walivyomtoa Bibi! Hata ngazi. Kumbe yule aliyeingia kwa Bibi naye alitambaa kwanza hadi mlangoni, akaukuta umeshafungwa.

Nyumbani nimejifunza jioni nzima. Mlango wa choo, wa stoo, wa jikoni. Funga, fungua, funga. Mama akauliza bawaba zimenikosea nini. Bibi alikuwa kwenye kiti chake ukumbini, anamenya karanga.

"Mwacheni," akasema kwa ile sauti ya msasa. "Kuna watu hujifunza kinanda."

Kila kuruta anaruhusiwa kumleta ndugu mmoja. Nilitaka kusema Mama. Mdomo ukasema, "Bibi, utakuja?"

"Nije kuona moto? Mimi?" Akamenya karanga tatu. "Nitavaa viatu vya kufunga."

Jumamosi, 22 Machi

Niko kwenye benchi nyuma ya gari la maji. Daftari nalificha ndani ya buti la akiba, nimelitoa sasa hivi. Sisi ni jozi ya nne. Ya pili inapanda. Naandika haraka, glavu ziko mapajani.

Bibi amekuja. Viatu vya kufunga, kitambaa kichwani, amekaa kiti cha plastiki mstari wa mbele. Moshi ulipoanza kutoka madirishani aliukamata mkono wangu. Viganja vyake ni vigumu kama ngozi ya ngoma. Hakuuachia.

Halafu Sajini akawaonyesha ndugu zetu ile nyumba ya mbao. Mpya, ameigonga upya. Milango miwili, karatasi mbili. Sikujua kwamba angefanya hivyo! Nilitaka kumtoa Bibi pale, nimpeleke kunywa maji, popote. Lakini alikuwa amesogeza kiti.

Ikaungua. Ikafunguliwa. Nyeupe tena.

Bibi akasema, "Kumbe."

Hilo tu. Kisha akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Mwanangu, upepo ukifunga mlango, unafungaje?"

"Unabamiza, Bibi," Sajini akasema. "Nyumba nzima inasikia."

"Unabamiza." Bibi akatikisa kichwa polepole. "Wangu haukubamizwa. Nilikuwa kati ya usingizi na kuamka. Nilisikia kitasa tu. Ka. Kwa adabu kabisa."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Bibi hakucheka. Hakuitazama nyumba ya mbao tena. Alikuwa ananitazama mimi.

Anajua? Tangu lini? Miaka minane anakaa nyuma ya pazia, anawasikia wakiulaumu upepo, na hajasema neno!

Nikafungua mdomo. Sajini akaita makuruta wote benchini. Bibi akauachia mkono wangu, akanifunga kifungo cha juu cha koti, na akasema kwa sauti ya chini mno kwamba tuna mazungumzo, mimi na yeye, nikishuka.

Nikishuka.

Jozi ya tatu wako kwenye ngazi. Mikono haikatai, nimeujaribu mlango wa gari la maji mara sita. Spana anasema dereva ameanza kuniangalia vibaya. Amenikagua mtungi, nimemkagua wake. Amesema nikifika ndani nipige kelele, hata kama ni za kumtukana, ili ajue nilipo. Nimemjibu kwa sauti yangu yote, na amerudi nyuma hatua moja, ameshika sikio. "Eh! Kumbe ipo!"

Bati la dirisha la juu limefunguliwa. Naona ndani mnavyong'aa rangi ya chungwa kwenye dari, vile vidole. Ni vizuri kupita kiasi. Mlango uko upande wa pili, hatua kumi kutoka dirishani. Nitaufunga. Safari hii nitakuwa upande wa ndani, pamoja na aliyelala.

Sajini ananyoosha kidole kwetu. Barakoa sasa.

Daftari, hili la ukurasa wa kwanza usimwambie mtu. Spana asijue, Mama asijue. Nitunzie mpaka nishuke ngazi ile, maana Bibi lazima alisikie kwangu kwanza, na nataka nimwambie kwa sauti ya —