Mafuta ya Mbuzi na Nambari ya Reynolds

Alhamisi, Shauri Moyo. Baridi ya Julai, wingu zito tangu asubuhi.

Nimekosea. Naandika hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea.

Wiki tatu nimekuwa mtaani Kiamaiko nikishughulikia paipu ya kutolea maji machafu kwenye kichinjio cha mbuzi cha Mama Halima. Ni kazi yangu ya kwanza bila injinia mkubwa wa kunisimamia. Paipu ya zamani iliziba, damu ikarudi hadi sebuleni kwa majirani, kichinjio kikafungwa. Mpya imeshalazwa mtaroni. Kesho saa mbili mafundi wanaifunika kwa simiti.

Hesabu yangu yote imesimama juu ya nambari ya Reynolds. Haina mita wala kilo. Inalinganisha tu nguvu ya mwendo wa kimiminika na mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka. Ikiwa kubwa, maji yanavurugika na kusukuma uchafu. Ikiwa ndogo, yanateleza polepole na uchafu unatulia chini. Yangu ilitoka kubwa mno. Nilijivuna, kusema kweli.

Leo mchana Mama Halima ametupikia mbuzi wa kuchemsha. Nikaomba soda ya baridi.

"Wee msichana, mbuzi hailiwi na baridi! Mafuta itakugandia kooni. Kunywa chai."

Mafundi wakacheka. Mimi nikairudisha nyama sahanini.

Nilipiga hesabu kwa maji matupu.

Maji! Kwa paipu itakayobeba damu na mafuta ya mbuzi alfajiri ya Julai. Kila mla mbuzi anajua mafuta hayo yanavyoganda, hata mimi, ila nilipokaa na kalamu nilisahau. Nimerudia hesabu mara tatu. Nambari inaporomoka kila mara.

Nilikaa na simu mkononi kuanzia saa kumi. Nikinyamaza, damu itarudi kwa majirani. Nikisema, kichinjio kitabaki kimefungwa, na jina langu litachekwa Kiamaiko nzima. Naogopa kuchekwa. Aibu iliyoje, kwamba hilo ndilo lililonichelewesha.

Saa kumi na mbili nimempigia Mama Halima. Nimemwambia simiti isimwagwe, tuchimbe kwanza shimo la kunasa mafuta, na paipu iinamishwe zaidi. Akaniuliza:

"Wewe, umewahi osha hiyo sakafu yetu?"

Sijawahi. Hata siku moja.

"Basi simiti ingoje. Kesho kuja na gambuti, uoshe na sisi."

Nimeazima buti za mpira za kaka yangu. Zinanipwaya, lakini ziko mlangoni.