Kitoto cha Kiboko cha Dada Paulina

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Lipangalala hatujambo, na babu yako amesharudi kutoka shambani Michenga. Umeniuliza kama kadi uliyoichora mwenyewe itamfaa rafiki yako siku yake ya kuzaliwa.

Miaka ya hamsini, nikiwa binti mdogo, dada yangu Paulina aliugua hata akaacha kula na kusema. Siku yake ya kuzaliwa nilimchorea kitoto cha kiboko kwa mkaa, kwenye kipande cha boksi. Alikitazama sana.

"Mdogo wangu, mbona nguruwe huyu kanuna?"

"Ni kiboko, dada!"

Akacheka, kisha akaomba uji. Mama alikimbilia jikoni, kanga ikamdondoka mlangoni, wala hakurudi kuiokota.

Mpelekee tu, mama.

Bibi yako,
Adelina