Pampu Chini ya Shuka

Bukoba

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Najua Zuhura ndiye anayekusomea, na wewe unaitikia kwa sauti kana kwamba nimekaa hapo barazani. Kifua kimeamkaje? Korosho zimeanza kudondoka, au bado ni maua? Huku kwa mwanangu Rashidi mvua inanyesha inapotaka yenyewe, na mimi nimevikwa sweta kama mtoto mchanga. Wananitunza. Mkwe wangu ananipikia samaki wa ziwani kwa nazi ya pakiti, nami namshukuru na kumeza.

Ijumaa simu haikukatika. Niliikata mwenyewe, na Zuhura alipopiga tena sikupokea. Nimesikia umemwambia, "Dada amekasirika." Sikukasirika, Somoe. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mpaka leo sijatulia, na mwandiko huu Zuhura atauona ulivyo.

Acha nikueleze ilivyoanza. Pana muuguzi hapa, binti anaitwa Koku, huja nyumbani kuuangalia moyo wangu huu uliochoka. Mwezi uliopita alinibadilishia vidonge. Akanieleza amesimama dirishani, mvua inapiga bati, na sikio langu unalijua. Sikusikia hata nusu. Akauliza, "Umeelewa, Bibi?" Nikasema, "Nimeelewa, mwanangu." Ningesemaje? Pale Lindi kazi yangu maisha yote ilikuwa kuwafundisha wauguzi namna ya kumfundisha mgonjwa. Nadharia za kujifunza, jinsi mtu mzima anavyojifunza na mtoto anavyojifunza, niliwasomesha mimi. Leo nimwambie binti huyu arudie?

Basi nikawa nameza vidonge vya zamani pamoja na vipya. Nikaanguka bafuni. Rashidi alinikuta nimelala kwenye maji, hajui kama ni mzima au maiti.

Koku alipokuja hakuniuliza tena kama nimeelewa. Alimwaga vidonge vyote kwenye sinia.

"Nipangie vya kesho asubuhi."

"Unanipa mtihani mimi?"

"Mtihani ni wangu, Bibi. Aliyefundisha ni mimi."

Nikapanga. Nikakosea. Yeye alicheka kidogo. Mimi sikuweza, kwa sababu pale pale juu ya sinia nilikusikia wewe. "Ndiyo, dada, natumia kama ulivyonielekeza. Nimeelewa." Kila wiki unasema hivyo. Sisi tulivyolelewa, mkubwa akikueleza jambo, kumwambia hujaelewa ni sawa na kumwambia hajui kueleza. Mama angetufinya. Ndivyo unavyomwitikia daktari, na ndivyo unavyoniitikia mimi.

Ndiyo maana Ijumaa nilimwambia Zuhura akuelekezee simu, nikasema, "Usiniambie. Nionyeshe unavyotumia pampu yako ya pumu."

"Dada naye! Leo unataka sinema?"

Ukaketi mkekani. Ukavuta shuka. Ukajifunika gubigubi, kichwa mpaka magoti, kama tulivyokuwa tunapigishwa nyungu ya mwarobaini utotoni. Ukaipuliza dawa humo ndani, pss, pss, ukabaki unahema gizani. Na Zuhura anasema kwa fahari, "Mama hakosi hata siku moja, Mama Mkubwa!"

Somoe! Dawa yote ilikuwa inalowanisha shuka!

Nani alikufundisha hivyo? Nilijiuliza nikiwa bado nimeshika simu, na jibu lilinipiga kama kofi. Pampu ilipofika mwaka jana nilikwambia kwa kinywa changu, "Usiogope, ni kama nyungu tu, unavuta mvuke uingie kifuani." Siku ile nilijiona hodari. Nadharia inasema mtu mzima hafundishwi kama chombo kitupu. Anzia kwenye kile anachokijua. Nami nikaanzia hapo, na wewe ukakifuata ulichokijua mpaka mwisho, kwa uaminifu wote, na shuka juu. Lakini nadharia hizo hizo zinasema pia kwamba mtu afanye mbele yako ndipo ujue amejifunza nini. Hilo niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Kwa ndugu yangu wa tumbo moja sikulifanya.

Unaona kilichonitoa pumzi? Pumu ilipokubana walikupakia bodaboda kukukimbiza Lindi, huwezi kutamka neno. Daktari akasema dawa imeshindwa, akakuandikia kali zaidi. Na majuzi ukaniambia utaiacha kabisa, eti dawa haishindani na siku ulizoandikiwa. Nami niliamini kwamba tatizo ni wewe. Nakiri mbele yako: nilimwambia Rashidi, "Somoe mbishi, lazima anaruka dozi." Nisamehe. Naomba radhi sasa kwa sababu Koku hanifichi kitu. Moyo huu hauna muda mrefu, na safari ya kurudi kwetu Mchinga hauiwezi tena. Nitazikwa huku. Usikubali mtu auze mnazi kwa ajili ya nauli.

Sasa sikia. Pampu haikushindwa. Haijawahi kuingia kifuani mwako. Weka shuka mbali, keti wima, itikise. Toa pumzi. Bana midomo kwenye mdomo wake pasipite upepo, bonyeza huku unavuta polepole, kisha zuia pumzi kadiri unavyoweza. Ila usitosheke na maneno haya, maana nitakuwa nimerudia kosa lile lile kwa kalamu. Nenda zahanati na Zuhura, kesho, ufanye mbele ya muuguzi. Akikueleza upesi mwambie, "Sijaelewa, mwanangu, nishike mkono." Akinuna, mwambie umetumwa na Mwalimu Hadija wa Lindi; huenda nilimsomesha mimi, naye pia nina deni la kumwomba radhi.

Nisalimie shemeji yangu Bakari, mwambie apunguze kuchoma takataka karibu na dirisha lako. Nisalimie jirani yako Bi Mwajuma, anayekuletea majani ya nyungu. Mwambie sina ugomvi na nyungu yake, ila kila kitu kikae mahali pake. Zuhura, mwanangu, asante kwa kumsomea mama barua yangu. Mshike mama yako mkono mpaka zahanati, hata akikutukana njiani.

Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza, Somoe, na kuondoka kwanza ni haki yangu. Usininyang'anye. Nataka wewe ndiye uletewe habari yangu, ukalie kwa sauti mpaka shemeji akukanye, na kifua kiwe kinakuruhusu.

Dada yako anayekupenda,
Hadija