Mabawa ya Mwewe

Jumatatu, 1 Septemba
Siakago. Joto la kuchosha. Plasta nyuma ya altare imekauka, nimeanza kuchora uso wa malaika. Ni uso wa Wanja, mtoto aliyechukuliwa na homa mwezi wa tano. Mamake ndiye aliomba, padri akakubali. Uso umekuja haraka. Mabawa yamenishinda.

Jumatano, 3 Septemba
Nimechora mabawa ya njiwa, nikafuta. Malaika alionekana amebeba mto mgongoni. Mchana mwewe akazunguka juu ya kanisa. Nilimtazama hadi shingo ikauma. Mabawa mapana, ya kahawia, ncha zimeachana kama vidole. Ndiyo haya! Najua watu wa hapa wanavyomchukia mwewe. Nitapaka dhahabu juu. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimemaliza, nikafunika picha kwa kitambaa hadi misa ya kesho. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Kesho hata kule mjini, pale Majimbo, watasikia habari zangu.

Jumapili, 7 Septemba
Kitambaa kilipoondolewa, cucu mmoja, bibi kizee wa benchi la mbele, alipiga makofi. "Huui! Huui!" Vile tu anavyofukuzwa mwewe anapotaka vifaranga. Kanisa zima likacheka, hata padri. Mama Wanja hakucheka. Aliangalia mabawa, akaangalia uso wa mtoto wake, akatoka kabla ya sadaka.

Nilijua. Hilo ndilo linaniuma. Ingekuwa ni kutojua, ningelala.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeenda kwa Mama Wanja. Heri angenitukana. Alikuwa anachambua ndengu, hakuinua kichwa.

"Fundi, mtoto wangu umempea mabawa ya mwenye alimbeba kama kifaranga."

Nikasema pole. Neno jepesi, niliona aibu nikilisema.

Nikiaga, kivuli cha mwewe kikapita uani. Kuku wake akalia, akajibwaga chini, akatandaza mabawa. Vifaranga vyote ndani. Sote wawili tulisimama tukimwangalia.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeyapaka mabawa chokaa. Kazi yangu bora kuliko zote. Mkono ulisita, nikajichukia kwa kusita.

Jumapili, 14 Septemba
Mabawa sasa ni ya kuku. Mafupi, mazito, yameinama kuelekea benchi la mbele. Padri anasema malaika huyu hawezi kuruka. Ni kweli.

Mama Wanja alikuja akiwa amechelewa. Hakuniangalia. Alipita mahali pake pa kawaida, akaenda kuketi mbele, chini ya bawa la kushoto.