Dawa Yako ya Kupungua, Rhobi

Morotonga, Jumatano

Rhobi mdogo wangu,

Hujambo na shemeji? Mimi mzima, ila umenichosha. Twiga wa kwenye kadi hii ndiye mwembamba pekee niliyemwona huku.

Ile dawa nimeipata. Shangazi mwenyewe ndiye anayeichemsha, ni magome ya mti, na nimeinywa siku nne, kikombe kimoja kabla ya chakula, nikujaribie. Sketi haifungi! Nakula ugali wa mtama kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini. Nilipolalamika, shangazi alishangaa: "Lakini hiyo tunampa mtu aliyetoka kuugua, apate hamu ya kula."

Nikamsomea lile tangazo ulilonitumia, kwamba dondoo la magome hayo linamaliza seli za mafuta. Akauliza seli ni nini. Nikamwambia ni vijumba vidogo mwilini vinavyotunza mafuta.

"Kama kihenge cha nafaka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa mtu mwenye akili zake anatoboaje kihenge chake?"

Nikaongezwa ugali.

Kwa hiyo chupa ulizoagiza sizileti, na hiyo unayokunywa huko Mwanza imwage leo hii. Shangazi alitaka kujua nani kakuambia umenenepa. Nilikuwa nimechoka, Rhobi, nikasema ukweli: ni mumeo. Aliinuka akaanza kufunga mzigo, na Jumamosi tunakuja wote.

Kula ushibe, mdogo wangu, nakupenda jinsi ulivyo. Na mwambie shemeji asisafiri.

Dada yako,
Bhoke