Kifaru Hiki au Kifaru Huyu

Mpendwa mjukuu wangu Mumbua,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Nyanya yako amepona goti na anakusalimu.

Umeuliza, kwa Jumamosi yako moja ya mapumziko ya Aprili, uende maonyesho ya vinyago ya mjini au ya ukumbi wetu wa Shauri Moyo. Njoo kwetu.

Nikiwa mwalimu kijana, nilimkosoa humo mchongaji aliyeandika "Kifaru hiki kinauzwa".

"Andika kifaru huyu," nilimwambia.

"Mwalimu, hiki ni mti tu. Mpe majani uone kama atakula!"

Mama mmoja wa mitumba akadakia, "Umesema 'mpe'! Basi yu hai!"

Ukumbi mzima ulicheka, mchongaji akiwa wa kwanza, kisha sote tukamtazama kifaru upya. Mjini watu hutazama kimya.

Kamati ya ukumbi haijaamua bado ni Jumamosi ipi, kwa sababu ya mvua. Ikiamua, nitakuandikia mara moja.

Babu yako